Takataka za Mombasa zina wenyewe

Jamani leo nimeamka na cheni ya karatasi shingoni, nyekundu na kijani, jasho limefanya rangi yote ihamie kwenye fulana, na mama watoto badala ya kunionea huruma anauliza kama ni mimi nimeichana. Sijaichana. Imeanguka yenyewe usiku kwa sababu gundi yake ni unga wa ngano uliokorogwa kwenye sufuria, na unga wa ngano na hili joto la kaskazi hawaelewani hata siku moja, halafu kuna sisimizi, wametoka huko walikotoka wamepanda ukuta msururu mmoja mpaka darini kwenda kula Krismasi yangu kabla mimi mwenyewe sijaila. Na kabla hujafungua mdomo kuniambia nitie chumvi kwenye gundi, nilitia. Sisimizi wa Kisauni chumvi wanaipenda.

Chanzo cha yote ni simu. Mama watoto aliona video, mzungu yuko jikoni kwake, jiko peke yake kubwa kuliko nyumba yangu ukijumlisha na choo, anasema pamba nyumba bila kutoa hata senti, tumia vitu ulivyo navyo. Sasa hivyo alivyo navyo yeye! Mbegu za msonobari. Vijiti vya mdalasini. Utepe wa hariri. Machungwa anayakata slesi anayakausha kwenye oveni masaa matatu kisha anayafunga kamba anayaning'iniza, hali hata kimoja! Mimi niwashe gesi masaa matatu kukausha chungwa, gesi hii hii tunayoizima ugali ukiwa haujaiva vizuri ili umalizikie kwa mvuke? Nikamwambia misonobari kwetu Taita ipo tele, panda gari mpaka Voi, toka Voi mpaka Wundanyi, okota mpaka mgongo ukuume, lakini nauli ya Disemba unaijua, hiyo nauli nikishuka nayo mjini napambiwa nyumba yangu na ya jirani na chenji inarudi.

Akasema, "Basi tutumie vya hapa hapa."

Maneno matano. Ndiyo yaliyonimaliza.

Kwa sababu watu wa video kuna jambo hawalijui: Mombasa hakuna takataka. Unayoiona imelala chini ina mwenyewe, na mwenyewe anakuangalia. Trei tupu ya mayai ukimwomba mwenye duka anakuuliza mayai yake yako wapi. Magazeti ya zamani yameshawekwa oda na bucha. Katoni ina mtu wa mkokoteni, chupa ina mama wa chupa, na vifuniko vya soda usivisogelee kabisa, nilivizoa kidogo pale kibandani nikidhani nafanya usafi kumbe ni kete za drafti, wazee wakasimamisha mchezo wakanipekua mifuko mtu mzima mimi.

Lakini hayo yote ni mchezo. Acheni niwape ya vifuu.

Mama watoto alitaka vifuu vya nazi vizima vizima, avisugue na msasa, avitoboe vitundu, atie kipande cha mshumaa ndani, sebule iwe na mwanga kama hoteli ya Nyali. Nikaona hii rahisi. Pwani hii, nazi kila chungu, mtu utakosa kifuu? Nikavaa shati la kola, maana ukienda kuomba lazima uonekane huna shida, nikaenda Kongowea nje ya soko kwa kijana wa mashine ya kukuna nazi. Kijana anakuna, mashine inalia, gunia liko pembeni limejaa vifuu mpaka mdomoni. Nikasalimia vizuri. Nikamwambia kijana wangu naona uchafu umekuwa mwingi hapa, nikupunguzie kidogo?

Hata kichwa hakuinua. "Huo si uchafu mzee. Ni wa mama wa mahamri, keshalipia mpaka mwezi wa pili."

Mpaka mwezi wa pili! Mimi kodi ya nyumba ya mwezi wa kumi na moja bado tunaambiana kesho na mwenye nyumba, na kuna mtu ana vifuu vya mwaka ujao.

Nikasogea nikateremsha sauti, nikasema basi nipe vinane tu, hatajua. Kijana akazima mashine. Aliizima taratibu kabisa, akajifuta mikono, kisha akapaza sauti mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka: "Mama wee! Kuna mtu hapa ataka vifuu vyako!"

Akaja. Leso kiunoni, kichujio mkononi kinachuruzika mafuta, na nyuma yake mahamri yanaungua kwenye karai lakini hilo halikumshughulisha.

"Vifuu wavitakia nini?"

"Kupambia nyumba, mama. Ni Krismasi."

"Kupambia." Akamgeukia kijana wa mashine. "Asema kupambia."

Kulikuwa na mzee mmoja na kikombe chake cha kahawa chungu, alikuwa mbali kidogo, akainuka akasogeza kigoda chake karibu. Mimi nimezaliwa Mombasa, nikiona mzee anasogeza kigoda najua hapa siondoki sasa hivi.

"Babangu," mama akasema, "mimi nimewasha moto wa vifuu tangu sijaolewa. Watoto nimewasomesha kwa vifuu. Sijaona mtu mwenye akili zake avitia ukutani."

"Si ukutani mama, ni mezani. Natia mshumaa ndani."

"Ndani ya kifuu?" Huyo ni mzee wa kahawa sasa, hakuna aliyemuuliza. "Kitashika moto."

"Hakishiki, mzee wangu."

"Kifuu hakishiki moto?" Akaweka kikombe chini ili apate mikono yote miwili. "Na huyu apikia nini kila alfajiri, mwanangu, mawe?"

Watu wakacheka. Nasema watu kwa sababu tayari walikuwa watu, bodaboda wawili wameegesha, mmoja ananishauri ninunue taa za sola, mwenziwe anataka kujua hivyo vifuu vikishapambwa navipeleka soko gani na bei yake ngapi, msichana wa M-Pesa ametoa kichwa dirishani na mteja wake naye ametoa kichwa, mimi nimesimama katikati na shati langu la kola limenata mgongoni, najieleza. Nikajaribu kuleta heshima kidogo, nikasema haya ni mambo ya ubunifu, ya kutunza mazingira. Mama akasema mazingira gani, mbona vifuu vyake havijawahi kulala njiani hata siku moja?

Hilo sikuwa na jibu lake. Na ndipo akanikazia macho.

"Hebu ngoja. Wewe si baba Wakesho? Wa kule kwenye geti la buluu?"

Nikasema ndiye.

"Mkeo nnamdai."

Akachomoa daftari ndani ya leso. Daftari limekunywa mafuta mpaka ukurasa wa mbele unasoma wa nyuma, lakini deni letu lilikuwa linasomeka safi kabisa, na akalisoma, kwa sauti, mzee wa kahawa akitikisa kichwa kila mstari. Jumatatu mahamri sita na mbaazi. Jumanne mahamri manne. Jumatano mahamri kumi na mbaazi ya bakuli kubwa, "alisema ana wageni."

Wageni gani?! Jumatano mimi nilikunywa chai kavu! Nimetoka nyumbani kwenda kubana matumizi, naelezwa hadharani kwamba kuna watu walikuja kwangu wakala mahamri kumi, siwajui, sikuwaona, wala makombo sikuyakuta, na mtu wa bodaboda ananipiga begani ananiambia pole sana mzee kwa sauti ya msibani.

Nikalipa lote. Mama alipoona nimenyong'onyea akaingia huruma, akasema chukua basi hivyo vinane, shilingi kumi kimoja, kwa kuwa ni sikukuu yenu. Nikamuuliza mama, kama ni kwa ajili ya sikukuu si ungenipa tu? Akasema, "Si nshakupa? Mwengine ningemuuzia ishirini." Mzee akanichagulia yeye mwenyewe, vyenye ufa akavitupa, akaniusia mara mbili nisije nikaunguza nyumba ya watu. Na yule kijana naye akataka ya chai, ati nimemsimamishia mashine.

Hao wageni wa Jumatano mpaka naandika hapa sijaambiwa ni kina nani. Nimeuliza. Nimejibiwa nisugue vifuu.

Mti je? Msiniulize. Hii desturi ya kuingiza mti sebuleni tumeipata kwa Wajerumani, na Mjerumani Disemba yake ina baridi, mti ukikatwa unakaa. Huku tuna mvinje. Na mvinje si mti wa mchezo, ndio huo uliopandwa mwaka 1971 kwenye machimbo ya saruji pale Bamburi, kwenye jiwe tupu na maji ya chumvi ambako miti karibu yote iliyojaribiwa ilikufa, wenyewe ukaota mpaka leo pamekuwa Haller Park, watu wanalipa kiingilio kwenda kulisha twiga. Mti ulioshinda jiwe! Tawi lake kwangu, ndani ya debe la mchanga, na maji nalimwagia maji ya mkokoteni ya kununua, limeanza kupukutika kabla hata halijafungwa nyota. Vijani viko kwenye sukari. Viko kwenye soksi. Jirani ananiambia mbona hukukata tawi la mkrismasi, si huo umewaka maua mekundu barabara nzima? Nimeshaona mtu aliyebeba hilo tawi kwenye tuktuk, alishuka na fimbo.

Nyota zenyewe ni za pakiti za maziwa, ndani zina karatasi ya kung'aa, zinapendeza kweli sikatai, mama watoto ana mkono mzuri na mkasi. Ila hazikuoshwa vizuri na paka wa mtaa mzima wamepata habari. Theluji ni pamba ya duka la dawa. Tulikula nayo pilau, maana nani ataketi nyumba hii bila feni? Na hapo ni siku stima ikiwepo.

Nikasema angalau tumemaliza, sasa shemeji anapiga simu kutoka bara, wanakuja na treni, tiketi wameshakata, na anaagiza. Watoto waende ufukweni Pirates waogelee. Samaki asiwe wa friza. Kisha anauliza, kwa dhati kabisa, kama Krismasi asubuhi kuna ibada Fort Jesus, kwa kuwa ni ya Yesu. Nikamwambia shemeji ile ni ngome ya Wareno, walianza kuijenga 1593, ndani kuna mizinga na kiingilio unalipa getini. Akasema basi Wareno si walikuwa Wakristo, hawakuacha hata kanisa?

Wareno! Vasco da Gama mwenyewe Krismasi ya 1497 aliipitishia baharini huko upande wa Natal, hapa kwetu akaja kutia nanga Aprili 1498 sikukuu imesahaulika kitambo, hakumsumbua mtu na mambo ya godoro, akaona wenyeji wa hapa hawamtaki akang'oa nanga akaenda zake Malindi. Shemeji anakuja tarehe 23, watoto wanne, shuka hana. Malindi nimemsifia sana leo, nimemwambia bahari ya kule ndiyo bahari. Amesema ni mbali.