Haikuwa Matapishi, Ilikuwa Ukwaju

Jamaa yangu wa Kisauni ameshatangaza barazani kwamba nilimtapikia mzee wa watu mbele ya Kailash, ule mlima mtakatifu wa Tibet. Mwongo mkubwa! Ulikuwa ukwaju.

Mnajua nilikwenda kuwapikia wazee wa Kihindi wa hapa Mombasa waliokwenda kuhiji huko, hawali nyama wala mayai. Tulipiga kambi ufukoni mwa ziwa Manasarovar, upande wa gompa (nyumba ya watawa wa Kibudha) ya Chiu, karibu mita 4,600 juu ya bahari. Huko maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi, basi mbaazi nilizitia kwenye sufuria ya presha. Kwa sufuria ya kawaida mngengoja mpaka Idi. Nikajiona fundi.

Chupa sasa. Plastiki, ya kubinya, mdomo mwembamba. Niliijaza ukwaju nusu nyumbani, nikaikaza, sikuigusa tena. Nusu iliyobaki ni hewa ya pwani, na kule juu mgandamizo wa hewa umezidi kidogo tu nusu ya wetu. Krispi za mhogo zilikuwa zimevimba pakitini kama mito, nami nikazipiga picha nikicheka. (Chekeni tu.)

Asubuhi wazee wamejipanga, wameuelekea mlima, kimya. Mmoja ana shali nyeupe, macho kafumba. Mie nyuma yake na sahani ya bajia. Nikainamisha chupa mdomo chini, kama muuza viazi karai, nikabandua kifuniko kwa kidole gumba.

Fyuuu!

Tone la kwanza lilitua kwenye bajia. Zuri. Baada yake ukaja mfereji. Chupa ikateleza kwenye glavu, ikalala ubavu, na mie kwa kihoro NIKAIBINYA. Nikauona ule mstari wa kahawia ukipanda taratibu: kiunoni, mgongoni, begani, sikioni. Mzee akafumbua jicho moja. Akapitisha kidole shavuni, akalamba.

"Chumvi haikukolea, mwanangu."

Kilomita 52 za kuuzunguka mlima, siku tatu, nilitembea nyuma ya yaki, wale ng'ombe wa manyoya marefu. Kwenye Dolma La, kipito cha juu kabisa cha njia hiyo, mita 5,630, mzee alinipita akicheka.

Mnaokwenda, fungueni chupa zenu kila kituo mnachopanda: wima, kitambaa juu, kifuniko polepole. Na mwenye dawa ya doa la ukwaju kwenye sufu aniambie leo. Shali iko kwangu, mzee anaijia Ijumaa.