Busara wasikubali pleibeki

Februari ikikaribia tu, lawama kwa tamasha la muziki la Sauti za Busara, Zanzibar, huanza. "Busara wanaleta watu tusiowajua. Mbona hawamchukui fulani, mtu anajaza viwanja?" Fulani huyo namjua, na nyimbo zake nazicheza harusini kama wenzangu. Lakini shoo zake nyingi anakuja na kipaza sauti, wacheza shoo wanne na flashi yenye muziki uliokwisha rekodiwa, yaani pleibeki. Sauti za Busara, lililoanza Februari 2004, ni tamasha la kupiga laivu. Akitaka kuja na bendi iliyofanya mazoezi, milango iwe wazi. Akitaka kuja na flashi, abaki huko huko viwanjani.

Msimamo huu haukuwa rahisi. Busara Promotions, waandaaji wa tamasha, ilianzishwa 2003, kinara wake akiwa Yusuf Mahmoud, Mwingereza aliyekuja Unguja kushughulikia muziki katika tamasha la filamu la ZIFF. Wakati huo Bongo Fleva ilikuwa inapaa, na hesabu ya promota yeyote ilikuwa nyepesi: bendi ya watu kumi inataka nauli kumi, vitanda kumi, sahani kumi. Msanii na CD yake anatosha kwenye kiti kimoja cha boti. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, Culture Musical Club nacho si cha jana, lakini kijana wa Dar angewasikilizia wapi?

Ukitaka kujua laivu inagharimu nini, ingia Ngome Kongwe, penye jukwaa la tamasha, mchana, wakati wa kupima sauti. Fundi mitambo anahangaika na qanuni, ala ya taarab yenye nyuzi nyingi. Akiipandisha, spika zinapiga mluzi. Akiishusha, inamezwa na akodiani. Mpigaji mwenyewe hana haraka, anakaza nyuzi moja moja kwa sababu joto limezilegeza. Ala moja hiyo, na bado kuna fidla, udi, besi na waimbaji. Usiku watu wanacheza bila kujua kilichofanyika saa nane mchana. Ubavuni mwa jukwaa utamkuta kijana mwenye gitaa lake mgongoni, kakodolea macho vidole vya mgeni kutoka Mali. Shule hiyo haipatikani kwenye pleibeki. Na wako wengi waliomwona Bi Kidude, mwimbaji mkongwe wa taarab, kwa macho yao kwenye jukwaa hilo, na ngoma yake, kabla hajatutoka Aprili 2013.

Tamasha limekua. Maandamano ya ufunguzi hutoka pande za Michenzani na beni, bendi ya matarumbeta, mbele hadi Forodhani, watoto wakikimbia pembeni, na wiki hiyo kupata chumba Mji Mkongwe ni kazi. Hela basi iko wapi? Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha. Likarudi 2017, hata 2021 ya korona likafanyika, ila kwa miaka mingi limebebwa na wafadhili wa nje, ubalozi wa Norway ukiwahi kuwa mmojawapo. Tiketi peke yake haitoshi. Mtanzania analipa pungufu ya mgeni, na ndivyo inavyopaswa kuwa, la sivyo tungebaki nje ya ngome tukisikiliza kupitia ukutani.

Wanaofaidika tunawajua: wenye hoteli, wenye boti, wenye mabasi ya watalii. Bei ya chumba inapanda Februari, lakini mwenye chumba akiombwa mchango anasema biashara ngumu. (Biashara ngumu, na vyumba vimejaa!) Serikali nayo inamtoza mtalii ada kwa kila usiku anaolala hotelini. Naomba sehemu ndogo ya makusanyo ya Februari itengwe kwa ajili ya jukwaa hili, iandikwe kwenye bajeti, isiwe ahadi ya mgeni rasmi siku ya ufunguzi. Kwa fedha hiyo zilipwe kwanza nauli za vikundi vya Pemba na vya bara, maana hao ndio hukatwa mwanzo hesabu zikibana.