Siku Nilipomgeuza Mwenyekiti wa Kamati Kuwa Pazia

Yote yalianza na chunusi. Bibi harusi aliamka nayo asubuhi ya harusi, katikati ya paji la uso, imeiva kama embe la msimu. Matroni akajaribu poda, akajaribu poda nyingine, mwisho akanivuta pembeni: "Kaka, hii tunakuachia wewe." Nikamwambia asihangaike, hiyo ni kazi ya sekunde mbili. Na kweli zilikuwa mbili. Sekunde ya tatu ndiyo iliyonimaliza.

Huu ni mwaka wa saba napiga picha za harusi hapa Dar es Salaam. Watu wanadhani kazi yetu ni Jumamosi, tukizungukazunguka na kamera na kula pilau la bure. Kazi yenyewe ni Jumatatu, umekaa peke yako na laptop yenye feni inayolia kama mashine ya kukoboa, picha 1,870 zinakusubiri, na bibi harusi ameshaanza meseji: "Za asubuhi kaka. Sikusumbui, naulizia tu."

Ukumbi ulikuwa Sinza. Mpambaji alikuwa ameufunga kwa taa za zambarau kila kona, na kwa macho ulipendeza, siwezi kusema uongo. Ila kamera haina adabu za macho. Nilipofungua picha, ukoo mzima ulikuwa na rangi ya biringanya. Mchungaji biringanya, keki biringanya, watoto wa maua vibiringanya vidogo.

Dawa yake ni moja. Unachagua picha moja nzuri, unaituliza rangi mpaka ngozi irudi kuwa ngozi, halafu unaiamuru Lightroom, programu ya kurekebishia picha, inakili marekebisho hayo kwenda kwenye picha nyingine zote. Nikachagua ya bibi harusi, ya karibu kabisa, uso na mabega. Rangi ikakaa sawa. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafika usoni, nikaona nimalize na yale mengine: nikafuta ile chunusi, nikafuta mdogo wake wa kidevuni, nikafuta na kovu la chanjo begani, maana gauni lilikuwa la mabega wazi na mwenyewe alinisisitizia mara tatu. Unaweka kiduara juu ya doa, programu inakopa ngozi safi ya jirani na kufukia. Viduara vitatu. Safi.

Saa nane usiku. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi na kurudi saa tano, kwa hiyo nilikuwa nafanya kazi kwa hasira. Nikachagua picha 612 zilizopita mchujo, nikabonyeza kunakili. Ikatokea orodha ya vibox: rangi, mwanga, vivuli, madoa. Mtu mwenye akili timamu anaweka tiki kwenye rangi na mwanga. Mimi niliweka tiki zote. Nikapitisha macho harakaharaka, picha zikiwa ndogo kama stempu, nikaona biringanya wameisha. Nikaiachia laptop itoe picha, nikalala.

Kilichotokea nikiwa nimelala ni hiki. Viduara vile vitatu vilikaa kwenye kila picha, mahali palepale, kwa ukubwa uleule. Na duara linalofunika kovu kwenye picha ya karibu, likihamia kwenye picha ya ukoo mzima linatosha kichwa cha mtu.

Siku ya kuvunja kamati nikafika na flashi yangu mfukoni, nimevaa shati la kunyoosha. Ratiba iliniweka kati ya ripoti ya mweka hazina na supu. Televisheni ya inchi 55 ilikuwa imeegemezwa juu ya kreti za bia. Picha za kwanza zilikuwa za bibi harusi peke yake, nyingi za karibu, uso uleule mahali palepale. Vigelegele. Mama yake akanipigia makofi peke yangu. Nikainama kidogo, kwa unyenyekevu wa uongo.

Ikaja picha ya pete.

Bibi harusi ameinama, ameshika kidole cha mume kwa vidole viwili, anasukuma kwa upole kabisa... hewa. Kidole cheupe pee, hakina kitu. Ukumbi ukanyamaza. Mweka hazina, ambaye hata robo saa haijapita tangu asome kipengele cha pete kwenye matumizi, akageuziwa nyuso zote kwa pamoja. "Jamani, risiti ipo," akasema, akaanza kupekua mkoba.

Nikatafuta rimoti. Aliyekuwa nayo ni mtoto wa miaka sita.

Picha iliyofuata, ndafu. Upande wa bwana harusi ni wa Moshi, na yule mbuzi mzima wa kuchoma alikuwa ameletwa kwa heshima zote, amesimama mezani na majani mdomoni. Kwenye televisheni alisimama vilevile, ila kuanzia shingoni ni kitambaa cha meza. "Tulinunua mbuzi mwenye kichwa," mjomba mmoja akasema taratibu, kama mtu anayetoa ushahidi.

Halafu picha ya kamati. Watu ishirini na mbili, suti na vitenge, na katikati, pale anapokaa mwenyekiti, kuna suti nzuri ya kijivu, tai imefungwa vizuri, na juu ya tai pazia. Mapindo yake yalikuwa yamefuatana na ya ukutani kiasi kwamba, kitaaluma, nilijisikia fahari kidogo. Mwenyekiti akasimama.

"Mimi," akasema, "nimekaa miezi minne nawapigia watu simu za michango. Wengine wamenitukana. Wengine wameniblok. Leo nimekuwa pazia?"

Hapo ndipo shangazi wa bibi harusi alipolipuka. Shangazi huyu, kwa wasiomjua, alikuwa ameikosoa harusi tangu kitchen party: wali mgumu, MC mfupi, gauni linaonyesha. Alisema mimi ni tapeli, nirudishe hela, kizazi hiki kinategemea mashine. Alikuwa bado anasema wakati picha yake ilipotokea nyuma yake. Amekaa meza ya mbele, kilemba kimesimama, macho yote mawili yapo, pua ipo, na kutoka puani kwenda kidevuni ni ngozi laini kama ya mtoto mchanga. Mdomo hakuna. Aligeuka akajiona. Kwa mara ya kwanza toka siku ya posa, alinyamaza.

Mama wa bibi harusi alitoka nje mbio na leso usoni. Nilidhani analia.

Kurekebisha kulinichukua dakika tano tu, maana Lightroom haigusi picha yenyewe, inaandika maagizo tu pembeni. Ukiyafuta, kila mtu anarudishiwa viungo vyake. Kutoa picha upya kulimaliza usiku mzima. Kwa mwenyekiti nilipeleka fremu kubwa bila malipo, uso wake peke yake, hakuna pazia hata la mbali.

Wiki mbili baadaye simu ikaita saa tatu usiku. Mama wa bibi harusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uko peke yako?"

"Ndiyo, mama."

"Ile picha ya wifi yangu..."

"Nimeirekebisha, mama, nisamehe sana. Mdomo umerudi wote."

Akakaa kimya kidogo. Nikasikia mlango unafungwa upande wake.

"Ile ya mwanzo hainayo tena hiyo mashine yako?"

"Inaweza kurudi, mama."

"Basi nisafishie moja. Kubwa. Nitaitundika chumbani, nyuma ya mlango. Na mzee asijue."