Chupa za Kusawazisha Homoni na Somo la Pamba

Kila ninapopita kituo cha mabasi cha Buzuruga hapa Mwanza, nasikia wauzaji wa miti shamba wakinadi kwa kipaza sauti chupa moja inayosawazisha homoni, inayosafisha kizazi na kuzibua mirija. Wanaosogea kununua, kwa ninavyoona, wengi ni wanawake.

Sikubaliani na wanaosema mimea haina nguvu juu ya uzazi, kwa sababu ushahidi umeota mashambani kwetu Magu na Kwimba. Mbegu ya pamba ina kemikali iitwayo gosipoli. Nchini China ilibainika kwamba mafuta ghafi ya pamba waliyopikia wanavijiji yaliwanyima watoto, na katika miaka ya 1970 gosipoli ikajaribiwa kwa maelfu ya wanaume kama njia ya uzazi wa mpango. Mbegu za kiume zilipungua kweli, lakini baadhi ya wanaume hao walishuka potasiamu mwilini (madini yanayohitajika na misuli na moyo), na wengine hawakurudiwa na uwezo wa kuzalisha hata baada ya kuacha dawa, hivyo mpango huo ukaachwa. (Mafuta yaliyosafishwa vizuri kiwandani huondolewa gosipoli, kwa hiyo asiyaogope mtu.) Dondoo, yaani dawa iliyokamuliwa, za mwarobaini na za mbegu za papai nazo zimepunguza mbegu za kiume kwa panya wa maabara, nasi tunamnywesha mwarobaini mtu anayetafuta mtoto bila kujiuliza.

Mmea wenye nguvu kiasi hicho ni dawa kamili, na dawa hutolewa kwa anayejulikana anaumwa nini. Prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa ya mama, ikizidi huzuia yai kupevuka; projesteroni, homoni nyingine ya mwanamke, ikipungua, mji wa mimba hauandaliwi ipasavyo; na mirija iliyoziba kwa makovu ya magonjwa ya zinaa kama klamidia au kisonono haina uhusiano na homoni hata kidogo. Anayedai kusawazisha lazima kwanza ajue kipi kimepanda na kipi kimeshuka, na hilo halijulikani bila kipimo cha damu kilichochukuliwa siku inayofaa ya mzunguko wa hedhi.

Wifi yangu alikunywa mizizi kwa miaka minne, nasi mawifi tukimnyooshea kidole, kabla kaka yangu hajakubali kupimwa shahawa. Mbegu zake zilikuwa chache mno. Bado naona uchungu nikikumbuka maneno tuliyomwambia yule mwanamke.

Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza linalosajili waganga. Ningependa kila chupa inayouzwa kwa ajili ya uzazi iandikwe jina la mmea, kipimo cha kunywa na onyo kwa mjamzito, na mganga asimpe mke dawa kabla mume hajaleta majibu yake. Wifi yangu aliwaendea waganga watatu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza habari za mumewe.