Sentensi fupi si lazima iwe wazi

Oktoba 1995, mamlaka ya usalama wa dawa nchini Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu aina mpya ya vidonge vya kuzuia mimba. Ujumbe uliowafikia watu ulikuwa mfupi: vidonge hivi vinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Hauna istilahi ngumu, na mwanafunzi wa shule ya msingi angeuelewa. Tena ulikuwa kweli. Wanawake wengi wakaacha vidonge ghafla, na mwaka uliofuata idadi ya mimba zilizotolewa England na Wales ikapanda. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni 13,000 zaidi. Jambo ambalo ujumbe ule haukusema ni kwamba hatari yenyewe ilitoka kwa takriban mwanamke 1 kati ya 7,000 ikafika kwa 2 kati ya 7,000. Haukusema pia kwamba ujauzito wenyewe unaongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile.

Mimi ni mtetezi wa lugha nyepesi, na nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndicho kinachoniuma zaidi. Wanaotupinga hudai kwamba kurahisisha ni kupunguza ukweli. Hapa ukweli ulipunguzwa kweli, na watu wakaumia.

Hata hivyo, maandishi mengi tunayokutana nayo yana ugonjwa wa upande wa pili. Chukua sentensi ya aina hii, ambayo kila mtu amewahi kuiona katika barua ya kiofisi: "Utekelezaji wa zoezi la urejeshaji wa fedha utafanyika baada ya kukamilika kwa taratibu husika." Nani atarejesha? Lini? Taratibu zipi, na nani anazikamilisha, mimi au ninyi? Vitenzi vyote vimegeuzwa kuwa majina: kutekeleza kumekuwa utekelezaji, kurejesha kumekuwa urejeshaji, na neno "zoezi" limewekwa katikati bila kazi yoyote. Sasa jaribu hii: "Tutakurudishia fedha zako ndani ya siku 14 tangu tupokee risiti yako."

Tofauti kati ya sentensi hizo mbili haiishii kwenye msamiati. Ili kuandika ya pili, ilibidi mtu kwanza aamue kwamba ni siku 14, na kwamba risiti peke yake inatosha. Katika kazi ya kuhariri nimeona jambo hili mara nyingi mno: mara nyingi sentensi ya ukungu inaficha uamuzi ambao haujafanywa. Ukimuuliza aliyeandika "taratibu husika" ni zipi, hana jibu. Lugha nyepesi inamlazimisha atafute jibu kabla msomaji hajafika dirishani. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote, ingawa ndiyo inayotajwa kwa nadra.

Serikali kadhaa zimeliona hilo na kulitungia sheria. Mwaka 1979 huko London, Chrissie Maher na wenzake walichana hadharani fomu za serikali zisizoeleweka, na ndipo ilipoanza kampeni ya Kiingereza chepesi. Sheria ya lugha ya Uswidi ya mwaka 2009 inazitaka taasisi za umma ziandike kwa lugha nadhifu, rahisi na inayoeleweka. Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 2010.

Wanaopinga wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni ya wanasheria: baadhi ya maneno hayana mbadala. Kukata rufaa na kuomba mapitio ni njia mbili tofauti, kila moja na masharti yake. Ukiandika "kupinga uamuzi" kwa zote mbili ili usimchoshe msomaji, unaweza kumpeleka mlango usio wake, na muda wake ukaisha akiwa bado amepanga foleni. Hoja hii naikubali kabisa. Ninachokataa ni jinsi inavyotumika kama mwavuli wa ukurasa mzima. Katika mkataba wa kurasa nyingi, maneno yasiyo na mbadala kwa kawaida ni machache. Hayo yabaki, na kila moja lifafanuliwe pale linapotokea mara ya kwanza. Maneno mengine yote, yale "kwa kuzingatia hayo yaliyotajwa hapo juu" na "pasipo kuathiri ujumla wa yaliyotangulia", mara nyingi hayamlindi msomaji kwa lolote.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani waliwapa watu wasio wataalamu maandishi ya kisayansi, baadhi rahisi na baadhi magumu. Waliosoma yale rahisi walikubaliana zaidi na madai yaliyomo, na walijiamini zaidi kwamba wanaweza kuamua wenyewe bila kumuuliza mtaalamu. Kwa maneno mengine, wepesi wa kusoma uligeuka kuwa hisia ya kujua. Sioni namna ya kuikwepa hoja hii. Ninachoweza kusema ni kwamba kiwango cha uhakika ni sehemu ya habari, nacho kinaweza kuandikwa kwa maneno mepesi vilevile: "hili limethibitishwa", "hili linadhaniwa", "hapa wataalamu bado wanabishana". Mwandishi anayezifuta sentensi hizo ili makala isomeke harakaharaka amekata nyama akidhani anapunguza mafuta. Ndivyo ilivyokuwa kwa ule ujumbe wa 1995. Kuongeza "kutoka 1 hadi 2 katika kila wanawake 7,000" kusingemshinda msomaji yeyote.

Kwa sisi tunaoandika Kiswahili kuna tatizo jingine, nalo ni kuazima vipimo vya watu. Kanuni ya Rudolf Flesch ya mwaka 1948, ambayo programu nyingi za kuandikia bado zinaitumia, hupima ugumu kwa urefu wa sentensi na idadi ya silabi katika neno. Ilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Kwa kipimo hicho, "tutakapokuletea" lenye silabi 8 ni neno la kutisha, ilhali mtoto wa miaka minne analielewa. "Riba", "hisa" na "rehani" yangepita bila swali, ilhali ndiyo yanayowapotezea watu mali. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na mtendewa ndani ya neno moja, na huo ni uwazi wa hali ya juu. Kushauriana "tumia maneno mafupi" kama kanuni ya jumla ni kuvaa kiatu kilichopimwa kwenye mguu wa mwingine.

Tena Kiswahili kinaonyesha kwamba istilahi yenyewe inaweza kuwa nyepesi. UKIMWI ni kifupi cha Upungufu wa Kinga Mwilini. Anayesikia maneno hayo kwa mara ya kwanza tayari ameambiwa ugonjwa unafanya nini. "Kingamwili" ni hivyohivyo. Mtaalamu halipotezi neno lake, na msomaji hahitaji kamusi. Wanaohofu kwamba lugha nyepesi itadumaza msamiati wa elimu wangetazama maneno haya kabla ya kuhukumu.

Basi tupime vipi, ikiwa hesabu ya silabi haitufai? Kiwango cha kimataifa cha lugha nyepesi, ISO 24495-1 cha mwaka 2023, kinamweka msomaji katikati: je, anapata anachohitaji, anakielewa, na anaweza kukitumia? Neno la mwisho ndilo zito. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kuhusu lebo za dawa. Moja ilisema mgonjwa ameze vidonge viwili mara mbili kwa siku. Kati ya washiriki wenye uwezo mdogo wa kusoma, asilimia 71 walieleza maagizo hayo kwa usahihi. Kisha wakaombwa waonyeshe ni vidonge vingapi vya siku moja, na ni asilimia 35 tu waliotoa 4.

Sentensi ilikuwa fupi, maneno yalikuwa ya kila siku, na aliyeiandika bila shaka aliiona iko wazi. Kosa halikuonekana mpaka mtu alipowekewa vidonge mbele yake na kuambiwa ahesabu. Leo ningeiandika hivi: "Meza vidonge 2 asubuhi na vidonge 2 jioni." Kisha ningempa mtu vidonge, nikae kimya, nitazame mikono yake.