Kupima kwanza au kuvizia: sekunde za dawa katika MRI ya ateri

Picha ya MRI ya ateri inayopigwa kwa dawa ya gadolini, inayoifanya damu ing'ae pichani, mara nyingi huharibiwa na sekunde kuliko inavyoharibiwa na mashine. Dawa huchomwa kwenye mshipa wa mkono, hupita upande wa kulia wa moyo, huzunguka mapafuni, hurudi upande wa kushoto, ndipo iingie aota, ateri kuu itokayo moyoni. Kwa kijana mwenye moyo imara safari hiyo ni sekunde kumi na kitu. Kwa mzee ambaye moyo wake umechoka, inaweza kupita 30. Kumpangia kila mgonjwa muda uleule ni kubahatisha, na utaratibu huo siupigii debe.

Zinabaki njia mbili zinazogombaniwa. Moja ni jaribio dogo: mililita 1 au 2 za dawa husukumwa kwa maji ya chumvi, mashine ikipiga picha ya haraka ya aota takriban kila sekunde mpaka mng'ao ufike kilele. Nyingine ni kuvizia: dozi nzima huchomwa mara moja, mtaalamu hukodolea macho skrini, na aota ikianza kung'aa humwambia mgonjwa abane pumzi, kisha huanzisha kipimo.

Ugomvi wote unatokana na jinsi mashine inavyokusanya data. Zile za katikati, yaani katikati ya jedwali la data ghafi na si ya picha yenyewe, ndizo zinazobeba weusi na weupe wa mishipa. Za pembeni hubeba kingo na vitu vidogovidogo. Data za katikati zikichukuliwa wakati dawa bado inapanda, ateri hutokea na mstari mweusi ndani huku kingo zake zinang'aa, na asiye mzoefu anaweza kudhani ukuta wake umechanika. Zikichelewa, vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, nazo zimeshajaa dawa na zinaifunika ateri yenyewe.

Wanaopenda kuvizia wana hoja nzito. Dozi inayotazamwa ndiyo hiyohiyo inayopigwa picha, ilhali mililita 2 hazisafiri sawasawa na 15 au 20. Tena, kati ya jaribio na kipimo chenyewe mapigo ya moyo yanaweza kubadilika, na dawa ya jaribio huanza kung'arisha figo mapema. Shingoni, ambako vena hufuata ateri kwa sekunde chache tu, mtaalamu mwenye jicho kali na mashine inayoanza na data za katikati watanishawishi bila shida.

Lakini kuvizia kuna nafasi moja tu. Agizo la kubana pumzi lenyewe hula sekunde kadhaa, na mgonjwa asiyesikia vizuri huongeza nyingine. Sindano ikiwa imetoka mshipani, utajua dozi nzima ikiwa imeshamwagika chini ya ngozi. Jaribio dogo hufichua hayo mapema: sindano iliyoziba, mkono uliokunjwa, pumzi isiyodumu. Na dozi hairudiwi kiholela. Tangu 2006, dawa hizi zilipohusishwa na ugonjwa wa kukakamaa ngozi kwa wenye figo zilizoshindwa, kila mililita inaulizwa inakwenda wapi, ingawa dawa za sasa zilizo imara zaidi zimepunguza sana hatari hiyo.

Njia ya tatu, ya kupiga picha mfululizo dawa ikipita, inaliondoa swali lenyewe. Inafaa hasa chini ya goti, ambapo dawa inaweza kufika mguu mmoja kabla ya mwingine. Gharama yake kwa kawaida ni ukali wa picha.

Kwa ateri za figo za mgonjwa mwenye moyo dhaifu, mimi ningetoa zile mililita 2 bila kusita. Hata hivyo jaribio lina mtego wake, nao uko kwenye hesabu. Tuseme kilele kimeonekana sekunde ya 24, dozi kamili itachomwa kwa sekunde 10, na kipimo ni cha sekunde 20 ambacho data zake za katikati huchukuliwa kikifika nusu ya njia. Unaongeza nusu ya muda wa kuchoma, unatoa nusu ya muda wa kipimo: 24 jumlisha 5 toa 10, unaanza sekunde ya 19. Mashine ikiwa imepangwa kuanza na data za katikati, kutoa zile 10 ni kosa, na picha itatoka na uleule mstari mweusi ambao jaribio lilikusudiwa kuuzuia.