Mvua moja sio masika

Kila mwezi wa tatu ubishi unarudi palepale. Mvua ikipiga siku mbili watu wanasema masika ndo hayo, Mamlaka ya Hali ya Hewa wakisema msimu bado haujaanza wanatukanwa, eti wamejifungia ofisini hawaoni kunanyesha. Mi naona wanaonewa.

Wale wa kalenda wanahesabu Machi mpaka Mei, kwao Machi mosi ni masika hata kama vumbi linatimka. Inafaa kupangia takwimu, shambani haikusaidii. Kinachobishaniwa ni kipimo cha kuanza kwa mvua: wataalamu kwa kawaida wanataka kama milimita 20 ndani ya siku tatu hivi, HALAFU usifuate ukavu mrefu. Hiyo halafu ndo watu wanairuka.

Mwaka mmoja mama mdogo kule Handeni alipanda mahindi kwa mvua ya kwanza, na ilikuwa kubwa kweli, bati linapiga kelele hamsikilizani. Asubuhi tukachimba kwa mkono, unyevu umeishia pingili ya pili ya kidole, chini yake udongo mkavu kama unga. Akapanda hivohivo. Yakaota yote, mazuri, halafu jua likawaka wiki mbili na kitu, saa sita mchana majani yamejisokota, jioni yanafunguka kidogo, mwisho hayakufunguka tena. Sasa heka moja inakula kilo 8 mpaka 10 za mbegu, na hizi chotara ni za kununua kila msimu, ukipanda ulizovuna mwenyewe mazao yanashuka. Akanunua tena, vibarua akawalipa tena, na mvua yenyewe ilipokuja hela imemtosha nusu heka tu. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "si imenyesha jana" naikumbuka ile nusu heka.

Wanaowahi nao wana hoja. Mvua za mwanzo zinaamsha naitrojeni, chakula cha mmea, kwenye udongo, na aliyepanda mapema anaifaidi kabla haijasombwa. Tena mahindi ya siku 120 ukiyapanda katikati ya Aprili, mvua inaweza kukukatikia ndo kwanza yanatoa mbelewele. Na kweli, huo ukavu wa mbele huwezi kuupima leo, lazima uuamini utabiri, na utabiri unakosea.

Mama mdogo siku hizi anausikiliza redioni, halafu anaenda kuchimba. Mpaka kiganja kizima kizame kwenye unyevu ndo anafungua mfuko wa mbegu.